MREJESHO: Uwanja wetu wa mtaa
Wakuu habari za saa hizi, mimi ndo yule niliyeuliza tuuendesheje uwanja wa mtaa baada ya kukarabatiwa, timu zilikuwa zinagombania jioni na golini maji yanatuama. Asanteni sana aisee. Ratiba tumeichora kwa rangi ukutani kwa mwenyekiti, dada zetu wa netiboli wana Jumanne na Alhamisi saa 10, ugomvi kwisha, na michango inaandikwa daftarini mbele ya watu. Mtaro wa pembeni umesaidia ila goli la upande wa barabarani bado bwawa. Ukoka ndo tumefeli, mlisema tufunge uwanja miezi 2 tukaona mingi, wiki ya pili watu washaingia na njumu (mmoja wao mimi), sasa tunapanda upya na bodaboda tumewawekea magogo wasikatize.