Weita achanjwe, sawa. Siku ya homa nani atailipa? (Mjadala wa mtandaoni, mwishoni mwa 2021)

Kusi_na_Kaskazi: Hamjambo wana Malindi. Waziri wa Afya Kagwe ameshatangaza: kuanzia 21 Desemba 2021, biashara inayohudumia watu 50 au zaidi kwa siku imdai mteja cheti cha chanjo ya korona. Mteja tumemsikia. Je, anayembebea sahani? Weita wengi hapa ni vibarua, asiyeingia kazini halipwi. Akienda hospitali kubwa, foleni inakula asubuhi nzima. Kesho yake mkono mzito, homa juu. Nasema mwenye hoteli azilipe siku hizo mbili. Mwasemaje?

Mwenye_Jiko: Nina mkahawa wa watu sita. Tangu mtalii wa Kitaliano afungiwe kwao kwa korona Machi mwaka jana, nimeuza friji nilipe kodi. Leo niambiwe nilipe na homa! Tena tusidanganyane, vijana hawa sindano hawaitaki. Wakimwona Mtaliano ni "ciao ciao", barakoa kidevuni ili meno yaonekane, bakshishi ipatikane.

Mwana_wa_Muyeye: Meno?! Barakoa iko kidevuni kwa sababu imelowa, bosi. Simama wewe kando ya karai la mafuta saa saba mchana uone. Tunapewa moja ya kutupa Jumatatu, tunaifua, tunaianika juu ya mtungi wa gesi mpaka Jumamosi. Ikipotea, unakatwa. Mimi nimeshachanjwa zote mbili, kwa nauli yangu.

Mama_Mahamri: Mwanangu, punguza moto. Lakini hilo la kukatwa si haki. Iko sheria ya 2007 ya usalama na afya kazini, inamtaka mwajiri awalinde watu wake. Barakoa si kinga?

Mwenye_Jiko: Sheria hiyo ni ya viwanda.

Mama_Mahamri: Ya viwanda ndiyo iliyofutwa. Hii ni ya kila mahali pa kazi, hata jikoni kwako, baba.

Benadir71: Italia kwenyewe tangu 15 Oktoba huingii kazini bila Green Pass, cheti chao cha korona. Watalii wenyewe wamezoea, sisi twabishana nini?

Mwana_wa_Muyeye: Ami, hiyo Green Pass hata aliyepimwa akaonekana hana anaipata. Usilete nusu.

Mtu_wa_Shela: Nyinyi mnalia na tuktuk mlangoni. Njooni Lamu mvizie boti.

Mwana_wa_Muyeye: Turudi kwa meno. Hiyo bakshishi inayosemwa inaingia kwenye debe, na ufunguo wa debe anao nani? Risiti ina ada ya huduma, sijawahi kuiona kwenye malipo yangu.

Mwenye_Jiko: Ada inanunua sahani mnazovunja.

Benadir71: Kwangu debe hufunguliwa Jumapili mbele ya wote, mpaka mwosha vyombo ana fungu lake.

Mama_Mahamri: Mwosha vyombo! Kaka kwangu kazini hakupata hata shilingi, na sabuni imemla vidole.

Kusi_na_Kaskazi: Jamani, niliuliza chanjo. Aprili 2020 mikahawa iliruhusiwa kufungua kwa sharti wafanyakazi wapimwe kwanza. Wakati ule pia kila mtu alisubiri mwenzake alipe. Kama chanjo ya Johnson & Johnson ipo, ni sindano moja, safari moja. Mwenye Jiko, siku moja tu itakushinda?

Mwenye_Jiko: Haya. Nitafunga Jumanne waende wote sita. Kulipa, silipi.

Mwana_wa_Muyeye: Jumanne hatuna wateja hata tukifungua, na wewe wajua. Ijumaa je?

Mwenye_Jiko: Ijumaa kuna watu wa pilau.

Mama_Mahamri: Na debe?