Mada: Bili ya joto la bomba – nilipe au nisubiri?

Mdogo wenu wa Nyamanoro, Leeds:
Wana Mwanza, habari zenu. Kampuni inayotuletea joto hapa ghorofani (maji ya moto ya bomba kutoka mtambo mmoja) imenitumia bili ya makadirio ya msimu mzima wa baridi. Mita ya kwenye HIU, kile kisanduku cha kuingizia joto ndani ya nyumba, iliharibika, nikawaandikia, hawakuja. Sasa wanadai zote kwa mkupuo. Kuhama siwezi, bomba ni lao. Malalamiko nimepeleka. Je, niendelee kulipa wakati shauri linaendelea, au nisitishe? Nina watoto wadogo, naogopa kukatiwa.

Dada Isamilo, London:
Pole mdogo wangu. Kwetu tozo ya kila siku inakuja hata Julai, redieta zimezimwa! Meneja wa jengo anakutuma kwa kampuni, kampuni inakurudisha kwa meneja. Nenda Heat Trust, mpango wa kulinda wateja wa joto la bomba. Pia kuna kikomo cha bei cha Ofgem, mdhibiti wa nishati.

Kaka Igoma, Glasgow:
Dada, usimpoteze mwenzio. Kikomo kile ni cha gesi na umeme wa majumbani, joto la bomba halimo. Na Heat Trust kampuni zilijiunga kwa hiari. Sheria ni Energy Act ya 2023. Energy Ombudsman, msuluhishi wa malalamiko ya nishati, anapokea mashauri yetu tangu Aprili 2025, Ofgem imeanza usimamizi Januari 2026. Zikipita wiki nane bila suluhisho, mpelekee Ombudsman. Hulipi kitu.

Dada Isamilo:
Sawa, ila ongea na mtu vizuri.

Shemeji, Aarhus:
Denmark ina sheria ya joto tangu 1979: mtoa huduma anatoza gharama za lazima tu. Kaya kama theluthi mbili zinatumia bomba. Uingereza kumwacha mteja bila msimamizi miaka yote hiyo ni dhuluma.

Mjomba Kirumba, Mwanza:
Wanangu, hata huku maji ni mamlaka moja, lakini EWURA, mdhibiti wa nishati na maji, huita mkutano wa taftishi kusikiliza maoni ya watu kabla ya kupitisha bei, na wateja tuna baraza letu. Jengo zima liandike barua moja! Ila joto kununuliwa kwa pauni? Rudini nyumbani. Tangu Juni 2025 Busisi tunavuka darajani, hatungoji kivuko.

Kaka Igoma:
Turudi kwa ajira ipi, Mjomba? Mwulizeni mbunge wenu.

Dada Isamilo:
Mjomba, ndoo ya dagaa Mwaloni bei gani sasa? Mama anakuja mwezi ujao, nataka anibebee.