Nkambo alitoka wapi mbele ya kuingia Union Minière? Nisaidieni kufwata njia yake mu ma karatasi

Mwana ya Katuba

Jambo yenu bote. Niko na swali juu ya nkambo yangu, baba ya papa, alikufa mie bado kuzaliwa. Alitumikaka ku Union Minière, kampani ya Babeleji ya kuchimba shaba mu Katanga, alifika huku wakati muji ilikuwa ingali inaitwa Élisabethville, na jamaa yetu yote ya Lubumbashi inatokea kwake, yeye njo alitangulia, ba ndugu bengine balimufwata nyuma. Sasa shida ni hii, mu jamaa kila mutu iko na yake. Papa anasema shiye ni batu ba Kabinda, kule Lomami. Baba mukubwa anakatala kabisa, anasema nkambo alitoka Luapula, upande ya Rhodesia (Zambia ya leo), juu alikuwa anasema Kibemba muzuri, hata ku matanga alikuwa anaimba mu Kibemba. Shangazi ye anacheka paka, anasema muache bafu balale.

Bintu yenye niko nayo mukononi: livre yake ya kazi, muchwa ilikula kona paka fasi yenye jina ya kijiji ilikuwa (utasema ilichagua), inabakia muhuri ya UMHK (njo Union Minière), mwaka 1937, na matrikule, namba yake ya kazi, yenye namba mbili za mwisho hazisomeki. Tena karti ya ubatizo ya papa, imeandikwa Jadotville, Likasi ya leo. Basi. Naanzia wapi? Rafiki mumoja aliniambia nilipe mutu ku Bruxelles atafute mu arshivi ya Babeleji, lakini pesa yenye anaomba si muchezo.

Fundi Kamalondo

Ndugu, ile pesa iache mu mufuko kwanza. Ni kweli arshivi ya Union Minière iko Bruxelles, mu Archives générales du Royaume, lakini kule utakuta zaidi ma barua ya bakubwa, ma ripoti, ma hesabu ya batu ngapi baliletwa na ngapi balikimbia. Dosie ya mutumishi mumoja mumoja ilibakia huku, Gécamines, kampani ya serikali, njo ilirizi wakati kampani ilitaifishwa mwanzo ya 1967, na ma profesa ba istoria ba UNILU (université ya Lubumbashi) bamezitumia sana kwa kazi yao. Mu dosie unakuta jina, baba yake, kijiji, sheferi, teritwari, siku ya kuingia, fasi zenye balimuhamisha, azabu yenye alipewa, na bibi na batoto bote, juu kampani ilikuwa inatoa posho ya bibi na ya batoto, kwa hiyo ilikuwa inabahesabu vizuri kupita hata serikali.

Tafuta mutu ya jamaa mwenye alitumika Gécamines, hata kati ya bale zaidi ya 10,000 balitoka mu départ volontaire ya 2003, wakati kampani ililipa batumishi baache kazi, benyewe banajua mulango ya kupita. Beba kitu ya kuonyesha kama wewe ni mujukuu. Biro moja yenye nilipita mie walinizungusha sana mpaka nikaja na muzee mwenye banamujua, siku ileile bakafungua kabati.

Na juu ya Kibemba, baba mukubwa anisamehe, ile si ushahidi. Mu kambi batu balikuwa banaikala nyumba kwa nyumba, mutu wa Kasai anajifunza Kibemba kwa jirani mu miezi kidogo. Batu ba Rhodesia balikuwa bengi sana mu miaka ya kwanza, Robert Williams njo alikuwa anabatafuta kule na kubaletea kampani, lakini wakati ya krizi ya 1930 bengi balirudishwa kwabo. Mwaka 1937 inavuta zaidi upande ya Lomami. Inavuta, sisemi inamaliza, juu livre inaweza kuwa ya pili, ya kwanza ilipotea ao ilijaa.

Mama Likasi

Mwanangu, unashika karti ya ubatizo ya papa yako mukononi na unauliza fasi ya kuanzia? Anzia hapo!! Ile karti ni kipande tu, buku yenyewe iko ku parokia na inasema mingi kuliko karti. Mie nilisaidia mu biro ya parokia miaka mingi, acha nikuelezee.

Kwa Katolika kila ubatizo inaandikwa mu buku na numero yake, jina ya mutoto, baba, mama, baba ya ubatizo, na padri mwenye alibatiza. Pembeni ya ukurasa kunabakia nafasi, na ile nafasi pembeni njo mali. Siku ile mutu ataoa, hata aoe mbali, padri mwenye alifungisha ndoa analazimishwa kuandikia parokia ya ubatizo, na kule wanaongeza pembeni: huyu alioa siku fulani, parokia fulani, na fulani. Na buku ya ndoa nayo inasema bibi na bwana kila mumoja alibatiziwa wapi. Unaona sasa? Ubatizo ya papa inakupa majina ya bazazi, ndoa yabo inakupa fasi nkambo alibatiziwa, ubatizo ya nkambo inakupa kijiji. Unarudi nyuma pole pole, karatasi moja inakutuma kwa ingine.

Lakini angalia, batumishi bengi balibatizwa bakubwa, palepale mu kambi, nyuma ya mafundisho ya katekista. Kwa hiyo usishangae kama nkambo alibatizwa huku na hapana kwabo. Si kitu, kwa mukubwa banaandikaka mara mingi fasi alitoka. Kama jamaa ilikuwa Metodisti ao Garenganze (makanisa ya Baprotestanti), ni buku ingine, uliza kwabo, Metodisti kule Mulungwishi ni ya zamani.

Tena maandishi. Bapadri bengi balikuwa Flamand, Babeleji benye luga yabo si Kifransa, sauti ya u banaandika oe, kwa hiyo tafuta jina mu njia zote, Tsh na Ch, Mwa na Mua. Na kumbuka 1972, Mobutu alikataza majina ya kizungu, mutu mwenye ulimujua na jina ya ubatizo anakuja mu karatasi za nyuma na majina ingine kabisa, ni yeye yuleyule.

Mutoto ya Reli

Mie papa alikuwa BCK, kampani ya reli, kwa hiyo nitasema ya reli tu. Mwaka inakuambia njia. Reli kutoka kusini ilifika Élisabethville 1910, kwa Sakania, bale ba Rhodesia balipitia pale. Upande ya kaskazini reli ilifika Bukama 1918, kwa hiyo mutu wa Lomami mu miaka ile alitembea na miguu mpaka Bukama njo akaona treni. Kutokea 1928 reli ilienda mpaka Port-Francqui, Ilebo ya leo, ikapita Kamina, Mwene-Ditu, Luluabourg (Kananga ya leo), mutu wa Kasai anapanda karibu na kwake. Na mutu wa Kongolo ao Albertville (Kalemie ya leo) alishuka Lualaba mu mashua mpaka Bukama, juu reli ya Kabalo na Kamina iliungana 1956 tu.

Basi uliza bazee hadisi ya safari, si jina ya kijiji. Mutu anaweza kusahau kijiji, lakini atakumbuka kama nkambo alikuwa anasema mashua ao anasema Sakania.

Fundi Kamalondo

Muzee, kushuka Lualaba hapana, Bukama ni juu ya muto, balikuwa banapanda.

Mutoto ya Reli

Haya sawa, balipanda. Kichwa ya muto iko kusini, nimesikia.

Mwana ya Katuba

Asanteni sana sana. Nilipigia shangazi nikamuuliza tu batoto ba nkambo kila mumoja alizaliwa wapi, alijibu bila kufikiri: baba mukubwa Kambove, papa Jadotville (anasema ni mu kartie ya Panda), mwenye alimufwata Kipushi, yeye shangazi huku Élisabethville. Na alikumbuka nkambo alikuwa anasimulia juu ya kutembea na miguu kwenda kupanda treni Bukama, miguu ilivimba. Sakania hakuisemaka hata siku moja.

Mutoto ya Reli

Bukama na miguu, upande ya Lomami hiyo, na karibu sana ni mbele ya 1928, maana nyuma ya pale angepanda karibu. Kwa hiyo ile livre ya 1937 si ya kwanza.

Mama Likasi

Na mutoto mukubwa Kambove. Ndoa itakuwa ilifungwa mbele ya pale ao palepale, kwa hiyo acha Lubumbashi kwanza, kuja Likasi na Kambove. Kuja siku ya kazi asubui, Jumapili hakuna mutu atakufungulia buku. Andika ku karatasi majina ya bazazi yote yenye unajua na miaka ya karibu, usimuambie tu sekretere "tafuta nkambo yangu". Kama anakubali, piga foto ya ukurasa muzima, si mustari moja, juu mara ingine baba ya ubatizo ni ndugu ya damu mwenye alikuja naye, na yule nakuambia utamutafuta kesho kutwa.

Mwana ya Kasai

Nyongeza moja. Kama mu jamaa kuna benye balirudi Kasai wakati ya refoulement ya 1992 na 1993, wakati batu ba Kasai balifukuzwa mu Katanga, uliza bale. Batu balipanda treni na bintu kidogo, lakini karatasi za muzee mara mingi balizibeba, zinaweza kuwa Mwene-Ditu ao Mbuji-Mayi mu valize ya mutu. Kwetu livre ya kazi ya nkambo ilipatikana kule, haikukosa hata ukurasa.

Mwana ya Katuba

Kuna binamu ya papa Mwene-Ditu! Namupigia leo usiku. Na Mama, Alhamisi niko Likasi, livre naacha nyumbani nabeba fotokopi.