Siku za kati ya Krismasi na shule kufunguliwa: mnaziendeshaje nyumbani?

Mama Watatu (Desemba 18)

Salaam kwenu nyote. Nyumbani kwetu tuko sita: mimi, mume wangu, watoto watatu wenye umri wa miaka 13, 8 na 4, na mama mkwe wangu, ambaye kila Desemba huja kukaa nasi mpaka shule zifunguliwe. Siku ya Krismasi yenyewe hainisumbui, kwa kuwa siku hiyo kila mtu anajua avae nini, aende wapi na akae wapi mezani. Kinachonishinda ni siku zinazofuata, kuanzia tarehe 26 hadi mkesha wa Mwaka Mpya, na zile chache za Januari ambazo si sikukuu wala si siku za kazi.

Huku tuliko giza huingia kabla ya saa 11 jioni. Mwanangu mkubwa huamka saa 6 mchana, akanywa chai wakati wenzake wanakula chakula cha mchana. Wa kati hushinda akizunguka nyumba nzima akisema hana la kufanya, huku akivikanyaga vitu vya kuchezea alivyopewa juzi tu. Mdogo, akiona giza, husinzia kwenye kochi saa 11, halafu saa 4 usiku yuko macho anataka hadithi. Mwaka jana, tarehe 28, nilijifungia bafuni kwa dakika 20 nikakaa juu ya ndoo iliyofunikwa, mkononi nikiwa na karatasi ya mambo ya kufanya, na nilipoisoma tena nikagundua kwamba kila mstari ulikuwa wa mwandiko wangu.

Nina maswali mawili. Je, katika likizo hii mnaendelea na ratiba ya siku za shule, au mnaiacha kabisa watoto wapumzike? Na je, kazi za nyumbani mnazigawaje pale ambapo kuna mkwe ndani ya nyumba, ambaye anataka kusaidia lakini kila anapogusa kitu mimi naona kama nimekosolewa?

Kurunzi

Dada Mama Watatu, kabla hujaigusa ratiba, anza na mwanga, kwa maana mengi uliyoyaeleza naona yanatokana na giza kuliko ukaidi wa watoto. Mhimili wa dunia umeinama kwa takriban nyuzi 23.4, na mwezi Desemba nusu ya kaskazini huwa imelipa jua kisogo, ndiyo maana tarehe 21 au 22 huwa na mchana mfupi kuliko siku zote za mwaka. Kwenye latitudo ya 40, yaani nyuzi 40 kaskazini mwa ikweta, mchana huo huwa wa takriban saa 9 na dakika 20, na kwenye latitudo ya 60 haufiki saa 6. Kijana anayeamka saa 6 mchana ameshaulalia karibu nusu ya mwanga wote uliopo.

Mwili una saa yake ya ndani, na saa hiyo hurekebishwa na mwanga kuliko kitu kingine chochote. Giza likiingia, ubongo hutoa homoni ya melatonini, ambayo huuambia mwili kwamba usiku umefika, na mwanga mkali wa asubuhi huizima. Tatizo ni kwamba taa zetu za sebuleni hutudanganya macho: tunaona nyumba inang'aa, kumbe mwanga huo ni laksi (kipimo cha mwanga) mia chache tu, ilhali nje, hata siku ya mawingu, adhuhuri huvuka laksi 1,000 kwa urahisi. Kwa hiyo kumtoa mtoto nje kwa nusu saa kabla ya mchana, akiwa amevishwa koti na glavu, humsaidia kulala usiku kuliko maneno yote utakayomwambia saa 4.

Kuhusu ratiba, mimi hushika jambo moja tu, nalo ni saa ya kuamka. Saa ya kulala hujipanga yenyewe baada ya siku 2 au 3. Mtoto wa miaka 4 anahitaji usingizi wa saa 10 hadi 13 kwa siku, pamoja na ule wa mchana, wa miaka 8 anahitaji saa 9 hadi 12, na wa miaka 13 anahitaji 8 hadi 10. Huyo mkubwa usimwite mvivu, kwa sababu mtoto anapobalehe saa yake ya mwili husogea mbele yenyewe na usingizi humchelewa. Mruhusu achelewe saa moja au moja na nusu kupita saa yake ya siku za shule, lakini usimruhusu afike adhuhuri, maana kila saa anayoiongeza sasa atailipa Januari.

Na Januari ina hila yake, ambayo niliichunguza miaka miwili ndipo nikaiamini. Wengi hudhani kwamba baada ya Desemba 21 mambo huanza kuwa mepesi pande zote mbili. Jioni ni kweli huanza kurefuka, lakini asubuhi huendelea kuchelewa kwa siku kadhaa, kwa sababu njia ya dunia kulizunguka jua si duara kamili na mhimili wake umeinama, hivyo katika siku hizo adhuhuri ya jua, yaani wakati jua linapokuwa juu kabisa, huchelewa kwa takriban nusu dakika kila siku. Kwenye latitudo ya 40 asubuhi yenye giza la muda mrefu kuliko zote huja mwanzoni mwa Januari, yaani karibu kabisa na siku ambayo shule hufunguliwa.

Kwa huyo wa miaka 8 asiye na la kufanya, mpe penseli. Kama mna dirisha linaloelekea kusini, saa 6 mchana aweke alama sakafuni mahali mwanga wa jua unapoishia, na aandike tarehe kando yake. Jua likiwa chini kabisa ndipo mwanga huingia ndani zaidi ya chumba. Wangu aliamka mapema siku 9 mfululizo kwa hofu kwamba mdogo wake angemtangulia kuchora.

Bi Mkubwa

Mwanangu, mimi ni huyo mama mkwe. Simaanishi wako, namaanisha kwamba kila Desemba huwa nyumbani kwa mwanangu wa kiume, kwa hiyo niruhusu nikujibu nikiwa upande wa pili wa mlango wa jiko.

Wahenga walisema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe, na watu wengi hulikumbuka jembe wakasahau kumwonyesha mgeni shamba ni lipi. Mwaka wa kwanza nilipokwenda, mkwe wangu aliniambia, "Mama, jisikie nyumbani, ukitaka kusaidia saidia tu." Basi nikawa nasimama jikoni na kitambaa mkononi, nikifuta meza iliyokwisha kufutwa, nikingoja kuona pengo. Nilipohamisha vikombe na kuviweka kabati la chini, nilifanya hivyo kwa sababu goti langu halinibebi kupanda kigoda. Yeye aliona namkosoa, mimi nikaona amenuna, na tukakaa na jambo hilo hadi Januari.

Dawa aliyoipata mwenyewe, na sifa ni yake, ilikuwa kunipa kazi nzima na si msaada wa kazi. Jioni ya mdogo ikawa yangu kuanzia saa 10 hadi anapolala: kumzuia asisinzie kabla ya wakati, kumwogesha, hadithi, kila kitu. Hakuniuliza nimemvisha nini, wala hakuja kuchungulia. Na tofauti iko hapo, kwa sababu kazi ya nyumbani ina sehemu tatu, yaani kukumbuka kwamba inatakiwa, kuipanga na kuifanya, na anayegawa ile ya tatu peke yake hubaki na mbili za kwanza kichwani mwake. Hiyo karatasi yako yenye mwandiko mmoja ndiyo inayoeleza hayo yote.

Kwa hiyo nakushauri uichukue hiyo karatasi umpe mumeo, na aandike yeye. Usimsomee.

Zamu ya Usiku

Namuunga mkono Bi Mkubwa kwa yote. Kwa Kurunzi namuunga mkono nusu. Mimi hufanya kazi hospitalini, na kwa miaka kadhaa zamu ya tarehe 25 imeniangukia mara nyingi kuliko ninavyopenda kukumbuka, jambo lililotulazimisha kufikiri upya kuhusu sikukuu yenyewe. Tulichogundua ni kwamba uzito wa siku za kati hutokana na kurundika kila kitu ndani ya saa chache za tarehe 25: zawadi zote, wageni wote na nguo mpya zote, halafu siku ya pili mtoto anaamka na nyumba ni ileile ya kila siku. Sisi sasa familia husherehekea siku ninayokuwa nyumbani, iwe 24 au 27, na baadhi ya zawadi hubaki zimefungwa hadi Mwaka Mpya. Mtoto aliyepewa kitu kimoja hukaa nacho, aliyepewa vitano huvirukaruka vyote kisha akaja kulalamika, kama ulivyoeleza.

Anayeona ni kosa kuihamisha siku akumbuke kwamba hata tarehe yenyewe haikubaliwi na wote. Makanisa yanayofuata kalenda ya Juliasi husherehekea Krismasi siku ambayo kalenda ya kawaida inaiita Januari 7, kwa sababu kalenda hizo mbili, baada ya marekebisho ya Papa Gregori wa 13 mwaka 1582, zimeachana hadi kufikia tofauti ya siku 13. Wapo watu waliooana kutoka pande hizo mbili ambao wana sikukuu mbili ndani ya wiki mbili, na nasikia watoto wao hawajawahi kulalamika.

Pale ninapotofautiana na Kurunzi ni kwenye saa ya kuamka kila siku bila kukosa. Shikeni saa hiyo, naam, lakini katikati ya juma hilo wekeni siku moja isiyo na chochote: hakuna wageni, hakuna anayeulizwa amefanya nini, na anayetaka kubaki na nguo za kulalia hadi jioni abaki. Itangazeni siku mbili kabla, vinginevyo itaonekana kama uzembe na mtu mmoja ataanza kupiga deki kwa hasira.

Kurunzi

Siku moja nakubali. Ila mapazia yafunguliwe.

Shemeji Mtu

Mnazungumza kana kwamba huyo wa miaka 13 hana simu. Wangu ukimpa penseli achore jua atakuuliza kama unaumwa. Kwetu kilichofanya kazi ni kuchaji simu zote, zetu wazazi zikiwamo, sebuleni kuanzia saa 3 usiku, na aliyelalamika zaidi alikuwa mume wangu.

Mama Watatu (Januari 3)

Nimerudi kama nilivyoahidi moyoni, na nawashukuru nyote. Sikufanya yote mliyoyasema.

Karatasi nilimpa mume wangu usiku wa tarehe 23. Aliandika mistari 6, akanyanyua kichwa akauliza kama imebaki mingi, nami, kwa kumtii Bi Mkubwa, nikanyamaza. Alisahau betri za vitu vya kuchezea na kumjulisha wifi yangu saa ya kuja, hivyo wifi alifika saa mbili kabla ya wakati akatukuta tunafagia. Hakuna aliyekufa kwa hilo. Yaliyosahaulika tarehe 25 aliyatafuta yeye tarehe 26, na hilo halijawahi kutokea katika nyumba hii.

Mama mkwe nilimpa jioni za mdogo. Siku ya kwanza alinijia mara nne kuniuliza taulo iko wapi na hadithi ipi anaipenda, na mara zote nne nilimjibu, "Mama, utakavyoona wewe." Kuanzia siku ya tatu hakuuliza tena, na mtoto sasa analala saa 2 na nusu usiku. Vikombe vimehamia kabati la chini. Nimeviacha hukohuko, kwa sababu baada ya kusoma habari za lile goti nilimtazama anavyopanda ngazi.

Siku isiyo na chochote tuliipanga tarehe 29, lakini tulishindwa, kwa kuwa jirani alibisha hodi saa 4 asubuhi na hatukuweza kumfungia mlango. Mkubwa bado anachelewa kuamka, ingawa sasa ni saa 3, na simu kuchajiwa sebuleni kulizua ugomvi wa siku mbili ambao sitausimulia.

Za penseli ni hizi: wa kati ana alama 8 sakafuni, kwa sababu siku nyingine mawingu hayakumpa nafasi. Kati ya ile ya tarehe 23 na ya leo kuna upana wa vidole vyangu vinne, na amenikataza kupiga deki mahali hapo mpaka Machi.