Joshi na demani zina tofauti gani? Naomba msaada kabla ya Ijumaa

Mgeni wa Pwani (mleta uzi): Wakuu, habari zenu. Mimi mtu wa Singida, nimeoa Nungwi. Wiki jana ami yake mke wangu alinipakia kwenye ngalawa. Upepo ulipozidi akapiga kelele, "Nenda joshini! Legeza demani!" Mimi demani naijua ni ule msimu kusi inapopoa, nikabaki namtazama. Ngalawa ikalala, mlingoti ukavunjika, nyavu zikaenda. Ijumaa kuna kikao cha familia. Nauliza tu, hivi maneno haya hata wenyewe wanaelewana?

Mpiga Bao: Ungeoa Singida. Uzi ufungwe.

Nahodha Mstaafu: Wanaelewana sana. Joshi ni upande upepo unakotokea, demani ni upande unakokwenda. Si kulia wala kushoto: chombo kikigeuka upepo ukaingia ubavu wa pili, palipokuwa joshi panakuwa demani. Halafu demani ni ile kamba ya pembe ya nyuma ya tanga. Kwa hiyo ulipewa amri mbili, uzito wako uende upande wa upepo na kamba ilegezwe. Kamba alikuwa nayo nani?

Mgeni wa Pwani: Tulikuwa watatu chomboni.

Bi Shuwena: Mmenikumbusha marehemu babu, Lamu. Siku ya mashindano ya mashua alikuwa akiwapanga vijana kwenye ubao wa joshini kwa uzito. Mnene siku hiyo anabembelezwa kama bwana harusi! Siku hizi kila mtu anataka kupungua.

Nahodha Mstaafu: Sikuuliza mlikuwa wangapi.

Mgeni wa Pwani: Sawa, ilikuwa kwangu. Niliifunga mara moja tu nipige picha. Lakini angesema "achia kamba" si ningeachia? Nimeshamwambia mke wangu silipi hata senti, kosa ni la lugha.

Nahodha Mstaafu: Ulifunga demani kwenye ngalawa, kusi inavuma? Ile inashikwa mkononi, upepo ukipiga ghafla unaiachia tanga lipumue. Ukiifunga, upepo hauna pa kutokea, unawalaza. Hapo hata angekuamrisha kwa Kinyaturu mngezama.

Ustadh wa Mtaa: Kijana, ami wa mkeo ni baba yako. Kaombe radhi kwanza, habari ya fedha mtaiongea baadaye.

Mgeni wa Pwani: Radhi nitaomba. Mlingoti ulikuwa mkuukuu lakini, hilo hamlisemi.

Kijiko: Wazee, hii chai, tena haina hata tangawizi. Mtu alikuwa anapiga picha ngalawa ikilala. Picha ziko wapi?

Mgeni wa Pwani: Simu ilizama.

Kijiko: Na hapa unaandikia nini?

Mgeni wa Pwani: Simu ya mke wangu.

Mpiga Bao: Shemeji, ukifungua hapa tunakusalimu. Kamba aliifunga yeye.