Kifurushi kimoja cha ulinzi wa kompyuta, au programu tofauti kwa kila kazi?

Msomaji_Makini:

Wakuu, salaam. Ninaomba ushauri kuhusu jambo ambalo nimelisoma kwa muda bila kufikia uamuzi. Leseni ya kifurushi cha ulinzi kilichomo katika kompyuta yangu ya Windows 11 inakaribia kwisha. Kifurushi hicho kina antivirusi, ukuta wa moto (firewall, yaani kizuizi cha miunganisho ya mtandao), kichujio cha barua taka, kitunza nywila, VPN (njia iliyosimbwa ya kupita mtandaoni), na hata sehemu ya "kusafisha" kompyuta ambayo faida yake sijaiona. Kabla ya kulipia tena, ninajiuliza kama haingekuwa bora kuchukua antivirusi ya kampuni moja, ukuta wa moto wa kampuni nyingine na kitunza nywila cha kampuni ya tatu, ili kila kazi ifanywe na programu inayoiweza zaidi. Wanaotetea vifurushi husema kwamba sehemu zake zimeundwa zifanye kazi pamoja; wanaovipinga husema kwamba vinailemea kompyuta, na kwamba kampuni hodari wa kukamata virusi si lazima iwe hodari wa mambo mengine. Kompyuta hii ninaitumia peke yangu kwa kazi za ofisini, huduma za benki na kuhifadhi picha. Ninyi mnaonaje?

Fundi_Mkongwe:

Mkuu, swali lako lilikuwa zito zaidi miaka ishirini iliyopita kuliko lilivyo leo. Windows XP ilipotoka mwaka 2001, ukuta wake wa moto ulikuwepo lakini ulikuwa umezimwa, na ulianza kuwashwa wenyewe pale tu sasisho kubwa la Service Pack 2 lilipotolewa mwaka 2004. Antivirusi kamili haikuwa sehemu ya Windows hadi toleo la 8, mwaka 2012. Katika enzi hiyo mtu alilazimika kujitafutia kila kitu, na ndipo vifurushi vilipopata soko. Leo Windows 11 huja na antivirusi ya Defender, ukuta wa moto uliowashwa, na SmartScreen inayokuonya kuhusu tovuti na faili zenye kutiliwa shaka. Kwa maneno mengine, kifurushi tayari unacho hata usipolipa chochote, na kinachobaki ni kuamua ni sehemu gani yake unataka kuibadilisha, na kwa sababu ipi.

Kuna kanuni moja ambayo haina mjadala: usiweke antivirusi mbili zinazolinda muda wote katika kompyuta moja. Kila moja hujiweka kati ya programu na faili, ili faili ikaguliwe kabla ya kufunguliwa. Zikiwa mbili, ya kwanza hufungua faili ili iikague, ya pili huuona ufunguaji huo na kuanza ukaguzi wake, na kompyuta hubaki ikihangaika na walinzi wanaokaguana. Zaidi ya hayo, moja inaweza kuziona faili za mwenzake kuwa virusi na kuzitia karantini. Ndiyo maana Defender hujiweka kando yenyewe pale antivirusi nyingine inapojisajili katika Windows. Programu zinazokagua pale tu unapoziamuru hazina tatizo hilo, na kuwa na moja pembeni kwa ajili ya kupata maoni ya pili ni busara.

Kuhusu ukuta wa moto wa kununua peke yake, mimi siupendekezi kwa matumizi yako. Ule wa Windows huzuia miunganisho isiyoalikwa inayoingia kutoka nje, na ruta yako kwa kawaida hufanya hivyo hivyo kabla haijakufikia. Kinachoongezwa na zile za kununua ni hasa udhibiti wa kinachotoka ndani kwenda nje, jambo ambalo mtumiaji huletewa kwa njia ya maswali: "Je, unairuhusu programu hii iende mtandaoni?" Mtu akishaulizwa mara nyingi kuhusu programu ambazo majina yake hayajui, hubonyeza "ruhusu" bila kusoma, na ulinzi wote umekwisha hapo.

Mtunza_Mitandao:

Ninakubaliana na mengi ya Fundi, lakini ninataka kuwatetea wanaonunua vifurushi, kwa kuwa mimi huzihudumia kompyuta za wazazi na shangazi zangu. Programu tano za kampuni tano maana yake ni akaunti tano, tarehe tano za kulipia, na madirisha matano ya maonyo yasiyofanana. Mtu mzima asiyependa mambo ya kompyuta hataweza kutofautisha onyo la kweli na tangazo la ulaghai linalojifanya onyo. Nikimwambia kwamba onyo la kweli lina sura moja tu na mengine yote ayafunge, hilo analishika.

Kuna pia suala la masasisho. Shambulio la WannaCry la Mei 2017, la programu hasidi iliyofunga faili za watu ili kudai fidia, lilipita katika tundu ambalo Microsoft ilikuwa imeliziba kwa sasisho la Machi mwaka huo huo, na walioathirika ni wale ambao kompyuta zao zilikuwa hazijapata sasisho hilo, au zilitumia matoleo ya Windows yaliyokuwa yameachwa. Kadiri programu zinavyozidi kuwa nyingi, ndivyo uwezekano wa mojawapo kusahaulika unavyoongezeka, na programu ya ulinzi iliyosahaulika ni hatari kuliko nyingine, kwa sababu imepewa mamlaka makubwa ndani ya mfumo. Kwa mkuu aliyeuliza, ambaye anaonekana kuwa makini, hoja hii ina uzito mdogo. Kwa shangazi yangu ndiyo hoja yenyewe.

Kalamu_na_Kibodi:

Naomba nipinge jambo ambalo pande zote mbili zimelichukulia kuwa kweli, yaani kwamba kununua kwa kampuni tofauti ni kugawanya hatari. Kampuni ya antivirusi ya Avast iliinunua mshindani wake AVG mwaka 2016. NortonLifeLock, wenye antivirusi ya Norton, iliichukua Avira, kisha mwaka 2022 ikaungana na Avast, na leo majina yote hayo yapo chini ya kampuni moja iitwayo Gen Digital. Mtu anaweza kuchagua chapa tatu kwa uangalifu mkubwa na kumbe analipa mlango uleule. Linganisha wamiliki kabla ya kulinganisha bei. Angalia pia sera ya faragha: mwaka 2024 Tume ya Biashara ya Marekani, FTC, iliitoza Avast dola milioni 16.5 kwa kuuza taarifa za kurasa walizotembelea watumiaji wake, taarifa zilizokusanywa na programu zilizotangazwa kuwa zinalinda faragha.

Wala kugawanya programu hakukuepushi na kosa la antivirusi yenyewe. Mwezi Aprili 2010 sasisho la antivirusi ya McAfee liliitambua faili halali ya Windows XP, svchost.exe, kuwa virusi, na kompyuta nyingi zikashindwa kufanya kazi. Tarehe 19 Julai 2024 sasisho lenye kasoro la kampuni ya ulinzi wa kompyuta ya CrowdStrike liliangusha kompyuta za Windows zinazokadiriwa kuwa milioni 8.5. Programu ya aina hii hukaa karibu na kiini cha mfumo, iwe imeuzwa ndani ya kifurushi au peke yake, na ikikosea hukosea kwa kishindo.

Basi mimi hutumia kipimo kingine: nikiamua kuihama kampuni hii kesho, nitapoteza nini? Antivirusi ikiondoka haiondoki na chochote changu, kwa hiyo itoke popote. Kitunza nywila kina funguo za maisha yako yote ya mtandaoni, na nakala rudufu zina picha zako. Hivyo viwili visifungwe katika leseni ya antivirusi. Vichague peke yake, na uhakikishe kwamba nywila zinaweza kutolewa katika faili inayosomwa na vitunza vingine. VPN ya kifurushi ni ya hiari, na kile cha "kusafisha" kiache.

Msomaji_Makini:

Nawashukuru nyote. Ninaelekea kubaki na Defender, kununua kitunza nywila peke yake, na kuweka nakala rudufu kwenye diski ya nje. Je, kuna utaratibu wa kukiondoa kifurushi bila kuiacha kompyuta wazi?

Fundi_Mkongwe:

Upo, na mpangilio wake ni muhimu. Zitoe nywila kwanza, uziingize katika kitunza kipya, uhakikishe kuwa zinafanya kazi, kisha uifute kabisa ile faili uliyoitumia kuzihamishia, kwa sababu kwa kawaida huwa haina usimbaji wowote, yaani yeyote akiipata anaweza kuisoma. Zima malipo ya kujirudia katika akaunti yako, kwani kuondoa programu hakusitishi malipo. Ndipo ukiondoe kifurushi kupitia mipangilio ya Windows, uizime na kuiwasha kompyuta, na ikiwa kampuni ina programu yake maalumu ya kufuta mabaki, uitumie pia. Draiva zilizosalia, yaani sehemu za programu zinazofanya kazi ndani kabisa ya mfumo, zinaweza kuleta matatizo ambayo chanzo chake ni vigumu kukigundua. Baadhi ya vifurushi huweka cheti chao cha kidijitali katika mfumo ili vikague mawasiliano ya HTTPS, yaani yale ya tovuti yaliyosimbwa, kwa hiyo angalia kama kimeondoka.

Baada ya hapo fungua Windows Security, programu ya usalama iliyomo ndani ya Windows, uone kama Defender na ukuta wa moto vimewaka. Ukitaka uhakika, ijaribu kwa faili ya EICAR, ambayo ni maandishi ya herufi na alama 68 yasiyo na madhara yoyote, yaliyokubaliwa na watengenezaji wa antivirusi kuwa ya majaribio; ikinaswa, ulinzi wako unafanya kazi. Diski ya nje nayo usiiache imechomekwa muda wote, kwa kuwa programu hasidi inayofunga faili ili kudai fidia huzifunga pia zilizomo katika diski inayoifikia.