Naomba ushauri: nauli za London, siku 7 na binti wa miaka 12

Wakuu, habari zenu. Natua Heathrow Alhamisi na binti yangu, tunaondoka Jumatano. Tutalala kwa dada yangu Stratford. Wengi wananiambia niguse tu kadi ya benki kwenye mashine za treni na basi, eti makato yana kikomo cha wiki. Lakini kikomo hicho huhesabiwa Jumatatu hadi Jumapili, kwa hiyo siku zangu zinakatika vipande viwili! Na benki yangu inakata ada kila muamala wa nje.

Travelcard (tiketi ya kusafiri utakavyo ndani ya zoni ulizolipia) ya siku 7 huanza siku yoyote, ila Heathrow iko zoni ya 6 (zoni ni maeneo ya nauli, ya 1 ndiyo katikati ya jiji). Je, nichukue ya zoni 1 na 2, halafu safari ya uwanja wa ndege nilipie kwa salio la Oyster (kadi ya nauli ya London unayoijaza pesa)? Binti naye, lile punguzo la Young Visitor (la nauli kwa watoto wageni) anawekewa wapi? Mliopita huko nisaidieni jamani.